Je, mbio zilimzeesha Alberto Salazar?

Mwalimu mmoja wa sekondari, mwenzetu katika kundi letu la kukimbia la Jumamosi alfajiri, ana miaka 46. Alipojiandikisha kwa mara ya kwanza kukimbia kilomita 42 za Kilimanjaro Marathon, akawa haambiliki. Saa kumi alfajiri yuko barabarani, mchana kazini, jioni anapandisha vilima, na Jumapili nayo hapumziki. Wiki ya tisa mkewe akamwambia, "Baba watoto, hizi mbio zinakuzeesha. Hebu jiangalie." Akajiangalia. Mashavu yameingia ndani, macho yamezama, ngozi ya paji imekakamaa. Akanijia na swali ambalo nimeulizwa mara nyingi, ila yeye aliliuliza akiwa na hofu: ni kweli mazoezi makali mno huharibu afya ya baadaye na kumzeesha mtu kabla ya wakati wake?

La uso nilimjibu papo hapo. Mtu akikimbia sana hupungukiwa na mafuta ya chini ya ngozi, yale yanayojaza mashavu, na jua la kila siku humalizia kazi. Uso uliokonda hausemi lolote kuhusu moyo wala mishipa. Lakini swali lenyewe halikuwa la kujibiwa tukiwa tumesimama kando ya barabara tukinyoosha misuli. Nilimwomba wiki moja, nikarudi kwenye kisa ambacho wapenda mbio na wapinga mbio wote hukitumia kama ushahidi, kila upande kwa namna yake. Ni kisa cha Alberto Salazar, mkimbiaji wa marathoni wa Marekani.

Yaliyotokea

Salazar alizaliwa Havana, Cuba, Agosti 1958, akakulia Marekani. Mwendo wake haukuwa wa kupendeza macho. Kilichomtofautisha na wenzake ni kwamba alikubali maumivu kuliko wao. Agosti 1978, akiwa ametimiza miaka 20, alishiriki mbio za Falmouth katika jimbo la Massachusetts, kilomita 11 na ushei tu, siku ya joto. Alianguka mwishoni. Joto la mwili wake lilifika karibu nyuzi 42, kiwango ambacho ubongo na figo huanza kuharibika. Walimzamisha kwenye barafu, padri akamsomea sala za mwisho. Akapona.

Kwa mtu mwingine hilo lingekuwa onyo. Yeye alitoka pale akiamini kwamba anaweza kwenda mahali ambapo wengine hawathubutu. Oktoba 1980 alikimbia marathoni yake ya kwanza, New York, akashinda kwa saa 2:09:41. Mwaka uliofuata akashinda tena hapo hapo kwa 2:08:13, ikatangazwa kuwa rekodi ya dunia, mpaka njia ilipopimwa upya baadaye na kukutwa ni fupi kwa mita kama 150.

Mwaka 1982 ndio nataka msomaji autazame kwa makini, kwa sababu humo ndimo deni lilimokopwa. Machi, Salazar yuko Rome kwenye mbio za nyika za dunia, anashika nafasi ya pili nyuma ya Mohammed Kedir wa Ethiopia. Tarehe 10 Aprili yuko Eugene, Oregon, mita 10,000, dhidi ya Henry Rono wa Kenya, yule yule aliyevunja rekodi 4 za dunia ndani ya siku 81 mwaka 1978. Walikimbizana mpaka utepe. Rono 27:29.90, Salazar 27:30.00. Hiyo ni sehemu ya kumi ya sekunde, na mtu hafikii tofauti ndogo namna hiyo bila kujikamua tone la mwisho. Siku 9 baadaye, tarehe 19 Aprili, Salazar akasimama kwenye mstari wa kuanzia marathoni ya Boston.

Siku 9! Makocha wengi leo hawamruhusu mkimbiaji hata kufanya mazoezi mazito ndani ya muda huo, sembuse marathoni. Jua lilikuwa linawaka, Salazar hakunywa maji ya kutosha, na pembeni yake alikuwepo Dick Beardsley ambaye hakukubali kuachwa. Salazar alishinda kwa 2:08:52, Beardsley 2:08:54. Kisha Salazar akapelekwa kwenye huduma ya matibabu, akatundikiwa dripu za maji zipatazo lita 6. Mwili ulikuwa ukiomba mwezi mzima wa kupumzika, hakuupa. Kiangazi hicho hicho alikwenda Ulaya akavunja rekodi za Marekani za mita 5,000 na mita 10,000, na Oktoba akashinda New York kwa mara ya tatu.

Baada ya hapo mwili ulianza kukataa. Desemba 1983 kule Fukuoka, Japani, Toshihiko Seko alishinda kwa 2:08:52, Juma Ikangaa wetu wa Tanzania akawa wa pili kwa 2:08:55, Salazar wa tano. Kwenye Olimpiki ya Los Angeles ya 1984 Ikangaa alimaliza wa sita. Salazar, akiwa nyumbani, akiwa na miaka 26 tu, alikuwa wa 15 kwa 2:14:19. Ikafuata karibu miaka 10 ya mafua na vifua visivyoisha, usingizi kukatika na sonona. Alikwenda kwa madaktari, akajaribu kila alichoambiwa, kasi haikurudi. Baadaye alianza kutumia dawa ya sonona iitwayo Prozac, akasema imemrudishia hamu ya kukimbia, na Mei 1994, akiwa na miaka 35, akashinda Comrades ya Afrika Kusini, karibu kilomita 87 kati ya Durban na Pietermaritzburg, kwa saa 5:38:39.

Halafu ikaja tarehe 30 Juni 2007. Alikuwa kocha, anatembea na wanariadha wake katika viwanja vya Nike huko Beaverton, Oregon. Alianguka. Moyo ulikuwa umesimama. Watu waliokuwa karibu walimkandamiza kifua, wahudumu wakaja na mashine ya kushtua moyo, na mapigo yalirejea baada ya dakika kama 14. Hospitali walikuta mshipa wa moyo umeziba, wakauzibua na kumwekea stenti, kijibomba cha kuuacha wazi, kisha akapandikiziwa kifaa kidogo kifuani cha kuushtua moyo ukisimama tena. Alikuwa na miaka 48.

Sitaki msomaji adhani ninamsimulia shujaa. Mwaka 2019 Salazar alifungiwa miaka 4 kwa makosa ya dawa zilizokatazwa katika mradi wa wanariadha aliouongoza, na mwaka 2021 Mahakama ya Usuluhishi ya Michezo ikaiacha adhabu hiyo isimame. Mwaka huo huo alifungiwa maisha katika riadha ya nchi yake kwa makosa ya mwenendo, ambayo aliyakana. Hapa namchunguza kama mgonjwa.

Mambo mawili yaliyofungwa kamba moja

Kisa hiki kwa kawaida husimuliwa hivi: alijiua kwa mbio, moyo ukachakaa, akaanguka kabla ya miaka 50. Ukisimulia haraka kinanyooka vizuri. Ukikaa nacho utaona ni visa viwili. Cha kwanza ni kuvunjika kwa mwanariadha kati ya 1982 na 1984. Cha pili ni mshipa ulioziba mwaka 2007. Kati yake kuna miaka 25, na sababu zake si moja.

Nianze na cha kwanza, kwa sababu hapo mazoezi yana hatia kweli. Mazoezi yenyewe hayajengi mwili, yanaubomoa. Misuli huchanika vipande vidogo vidogo, akiba ya sukari huisha, homoni za mfadhaiko kama kotisoli hupanda. Ujenzi hufanyika mtu akiwa amelala na ameshiba. Ukibomoa tena kabla ya ujenzi kuisha, mara moja si neno. Ukifanya hivyo miezi mfululizo mwili hujifungia kwa kubana matumizi. Kwa wanaume testosteroni hushuka, kwa wanawake hedhi hukatika na mifupa hudhoofika, kinga hupungua, usingizi huruka, moyo wa kupenda kitu hufa. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliipa hali ya mwanariadha kukosa nishati ya kutosha jina lake rasmi, lakini wakimbiaji waliijua zamani. Orodha ile ya dalili ni picha ya Salazar baada ya Boston.

Je, huo ni uzee? Ushahidi ulio karibu zaidi na neno hilo ulitoka Cape Town mwaka 2003. Watafiti walichukua wanariadha 13 wa mbio ndefu waliokuwa wamechoka uchovu usiopona, wakawalinganisha na wenzao 13 wenye afya, wakapima telomea kwenye misuli yao. Telomea ni ncha za kromosomu. Kila seli inapogawanyika hufupika kidogo, kama kamba ya kiatu inayopoteza kile kishikizo cha mwisho. Waliochoka walikuwa na telomea fupi kuliko wenzao. Maelezo yanayoingia akilini ni kwamba misuli inayochanika na kushonwa kila siku hutumia seli zake za akiba haraka, na kila mshono una gharama. Ukisoma utafiti huo peke yake utaogopa. Lakini ni watu 13, tena walichaguliwa kwa sababu tayari walikuwa wagonjwa, na hauonyeshi kama mazoezi ndiyo yaliyozifupisha au kama wenye telomea fupi ndio wanaovunjika mapema. Upande wa pili, utafiti wa Leipzig, Ujerumani, uliochapishwa 2019, uliwafuata watu 124 kwa miezi 6. Waliokimbia mwendo wa kadiri na waliokimbia kwa vipindi vikali, wote walionekana kuongeza kazi ya kimeng'enya kinacholinda telomea katika seli nyeupe za damu. Ukali haukuwadhuru, walikuwa na siku za kupumzika.

Nina hoja nyingine ambayo kwangu ina uzito zaidi ya telomea, nayo imo ndani ya kisa chenyewe. Uzee haurudi nyuma. Mtu aliyechakaa hawezi kusimama miaka 12 baadaye akawashinda watu wote kwa kilomita 87. Salazar aliweza. Maana yake kilichovunjika 1982 kilikuwa mfumo uliozidiwa, unaoweza kutengemaa ukipewa nafasi na tiba. Ulichukua muongo mzima, na alilipa kwa miaka bora ya ujana wake. Sipunguzi uzito wa hilo. Ila ni jeraha, na jeraha ni kitu tofauti na uzee.

Tena mtazame Ikangaa. Yeye ni mkubwa kwa Salazar kwa mwaka mmoja, askari aliyezoea mazoezi ambayo ukiyasikia unatetemeka, na alikimbia marathoni nyingi za kiwango cha juu kuanzia 1982. Mwaka 1989, akiwa na miaka 32, alishinda New York kwa 2:08:01. Kama ukali peke yake ungekuwa sumu, wote wawili wangeanguka mwaka mmoja.

Mshipa

Sasa tuje 2007. Mshipa wa moyo hauzibi kwa kukimbia Boston. Huziba kwa mafuta yanayojipenyeza ukutani mwake polepole kwa miongo, yakisukumwa na kolesteroli mbaya, shinikizo la damu, sigara, kisukari, na kile ulichorithi kwa wazazi. Salazar alikuwa na kolesteroli ya juu, na ugonjwa wa moyo ulikuwa katika ukoo wake. Kukimbia hupunguza baadhi ya hatari hizi. Hakuifuti damu uliyozaliwa nayo.

Marekani walishajifunza hili kwa uchungu. Jim Fixx, mtu aliyewashawishi maelfu kuanza kukimbia, alianguka na kufa Julai 1984 akiwa kwenye mazoezi huko Vermont, na miaka 52. Watu walisema mbio zimemuua. Baba yake alikuwa amepata shambulio la moyo akiwa na miaka 35 na kufariki na miaka 43, na Fixx mwenyewe alikuwa mnene na mvutaji sigara mkubwa kabla hajaanza kukimbia. Naamini mbio zilimwongezea miaka. Kilichomponza, kwa maoni yangu, ni kuamini kwamba zimemkinga kabisa.

Upande mwingine yupo Clarence DeMar, mpiga chapa aliyeshinda Boston mara 7 kati ya 1911 na 1930. Daktari alikuwa amemwambia moyo wake una mlio usio wa kawaida, aache. Alikimbia takriban nusu karne, akafa kwa saratani mwaka 1958. Mwili wake ulipasuliwa, na matokeo yakachapishwa 1961 na madaktari wawili, mmojawapo Paul Dudley White, bingwa wa moyo aliyekuwa akimtibu Rais Eisenhower. Mishipa ya moyo wa DeMar ilikuwa na upana mara 2 hadi 3 ya kawaida. Mafuta ukutani yalikuwemo, kama ya mzee yeyote wa umri wake, lakini bomba lilikuwa pana mno kiasi kwamba hayakuzuia kitu. Nakipenda kisa hiki kwa sababu kinaonyesha mambo mawili kwa pamoja: mazoezi hayakuyaondoa mafuta, yalipanua njia.

Vipimo vya leo vinakubaliana nacho kwa sehemu. Wanaume wa makamo waliofanya mazoezi mazito kwa miaka mingi hukutwa na kalsiamu nyingi zaidi kwenye mishipa ya moyo kuliko wenzao wa kawaida. Ni jambo la kweli, na anayekuambia halipo anakupotosha. Swali ni kama linaua. Kituo cha Cooper cha Dallas kiliwafuata wanaume zaidi ya 21,000, na matokeo yaliyotoka 2019 yalionyesha kwamba wale wa mazoezi mengi kupita wote walikuwa na kalsiamu zaidi, lakini hawakufa zaidi. Inawezekana mafuta yao yameganda na kuwa magumu, na yaliyo magumu hayapasuki kirahisi. Yanayopasuka ndiyo yanayoziba mshipa ghafla. Utafiti wa Ubelgiji wa 2023 umeleta shaka hapo, maana uliwakuta wanariadha wa maisha yote na mafuta ya aina zote, hata yasiyo magumu. Mimi nauchukua kama sababu ya kupima, sio sababu ya kuacha.

Lipo dhara moja la moyo ambalo siwezi kulitetea, ingawa Salazar halikumpata. Ni mapigo kuvurugika. Vyumba vya juu vya moyo, vikipanuliwa na kujazwa damu nyingi maelfu ya saa, huweza kupata makovu madogo, na umeme wa moyo ukapotea njia. Moyo hutetemeka badala ya kupiga, damu hutuama, na damu iliyotuama huweza kuganda na kupanda kwenye ubongo kuleta kiharusi. Sweden wana mbio za kuteleza kwenye theluji za Vasaloppet, kilomita 90. Mwaka 2013 walichapisha hesabu ya washiriki zaidi ya 52,000. Waliomaliza mara nyingi zaidi, na waliomaliza kwa kasi zaidi, walipata matatizo ya mapigo zaidi ya wenzao. Hapo uhusiano wa kiasi na dhara unaonekana wazi. Na bado washiriki wa mbio hizo, wakilinganishwa na Waswidi wengine, hufa kwa uchache.

Takwimu zinazozunguka mtandaoni

Mwalimu alikuwa amesikia kwamba wakimbiaji wakali hufa sawa na wasiofanya kitu. Najua ilikotoka. Ni utafiti wa Copenhagen wa mwaka 2015, na vyombo vya habari viliupiga tarumbeta dunia nzima. Ukiufungua, wakimbiaji wakali humo hawakufika hata 50, na waliokufa kati yao walikuwa 2. Wawili! Angekufa mmoja tu, kichwa cha habari kingebadilika. Sijui ni watu wangapi waliacha kukimbia kwa sababu ya vifo hivyo viwili, na jambo hilo linanisikitisha hadi leo.

Wa Finland ni mzito zaidi. Watafiti wa Jyväskylä waliwatumia mapacha zaidi ya 11,000 waliojaza madodoso ya mazoezi kuanzia 1975, na kwa baadhi yao wakapima alama za kikemikali kwenye damu zinazokadiria umri wa mwili. Waliokaa tu na waliofanya mazoezi kupita wote, wote wawili walionekana wazee kidogo kuliko waliokuwa katikati. Hili ndilo jibu la karibu kabisa na swali la Mwalimu, na sitalificha. Ila ni makadirio ya damu, si kifo wala ugonjwa, na mtu anayejaza kwamba anafanya mazoezi mengi sana huenda pia ana kazi ngumu, analala kidogo, au alishawahi kuumwa akaamua kubadilika.

Ukiwatazama waliofika kilele hasa, picha ni nyingine. Waendesha baiskeli 786 wa Ufaransa walioshiriki Tour de France kati ya 1947 na 2012 walikuwa na vifo pungufu kwa asilimia 41 wakilinganishwa na wanaume wa nchi yao. Watu 200 wa kwanza duniani kukimbia maili moja chini ya dakika 4, hesabu iliyotoka 2024, waliishi karibu miaka 5 zaidi ya matarajio. Kweli, anayefika huko alishachujwa na asili, aliye dhaifu hakufika. Lakini kama kujikamua kungekuwa kunakata umri kama inavyosemwa, kungeonekana kwa watu hao kabla ya wengine wote.

Kwa hiyo hukumu yangu juu ya kisa hiki ni kwamba mbio zilimvunja Salazar 1982, na hazikumzibia mshipa 2007. Alivunjwa na kukosa pumziko kati ya kazi moja kali na nyingine, tena kwa hiari yake. Mshipa ulizibwa na ukoo na kolesteroli. Kosa la kweli hutokea mtu anapochanganya mambo haya: anaogopa mbio zilizokuwa zinamsaidia, au anaziamini zimlinde na jambo ambalo haziwezi.

Nilimrudia Mwalimu Jumamosi iliyofuata, nikamwuliza maswali badala ya kumpa jibu. Usingizi? Saa 4 kwa usiku. Mapigo ya moyo asubuhi kabla hajainuka kitandani? Hakuwahi kuyahesabu. Alipoanza, aliyakuta juu, na yalipanda zaidi wiki aliyojisikia vibaya. Chakula? Amekata ugali wa usiku ili apungue. Hayo yote yalikuwa Boston ndogo, na nilimwambia hivyo. Kisha nikamwuliza baba yake alikufa na nini. Akanyamaza kidogo. "Alianguka shambani," akasema. "Alikuwa na miaka 51. Walisema ni presha."

Nilimwambia asikimbie tena mpaka daktari amwone. Alikasirika, maana zilibaki wiki 5. Lakini alikwenda. Presha ilikuwa juu, kolesteroli ilikuwa juu, na kile kipimo cha kukimbia kwenye mashine huku waya ziko kifuani kilimpa ruhusa ya kuendelea, kwa dawa na kwa kiasi. Kwenye kundi tukasema mbele ya wote dalili ambazo mtu asizivumilie hata kama ana mwili wa chuma: kifua kubana, maumivu ya shingo, taya au bega yanayokuja na juhudi na kuondoka ukipumzika, pumzi kukatika kuliko kawaida yako, kizunguzungu au kuzimia ukiwa katikati ya mbio, moyo kurukaruka bila mpangilio. Na kwamba aliyepita miaka 35 akianguka ghafla mazoezini, mara nyingi kabisa ni mishipa ya moyo, wakati kijana mara nyingi ni kasoro aliyozaliwa nayo.

Siku ya mbio, kule Moshi, Mwalimu alikimbia kilomita 21 badala ya 42. Mkewe alimsubiri mwisho wa mbio. Uso wake bado umekonda.

Kitu kimoja cha kisa kile hakikunitoka kichwani. Salazar yuko hai kwa sababu waliokuwa pembeni yake walijua kukandamiza kifua. Niliuliza katika kundi letu, watu 30 na zaidi, nani anajua. Hakuna mkono ulioinuka. Tukamwomba muuguzi wa zahanati ya jirani aje baada ya mbio, akaja na mdoli wa mpira na subira nyingi, akatuonyesha: katikati ya kifua, mikono imenyooka, kina cha sentimita 5, mara 100 hadi 120 kwa dakika, bila kusimama mpaka msaada ufike. Mwalimu ndiye aliyepiga magoti wa kwanza.